Kidole cha Kuazima

Kila asubuhi, kabla hajavua hata mtandio, mpimaji wa maabara ya maji aliweka kidole gumba chake juu ya kisomaji kilichokuwa kando ya kompyuta ya mezani. Kilikuwa kidude kidogo, mfano wa kifungo cha koti. Kikiisha kuitambua alama yake, ile programu ya kutunza nywila, ambayo wenyewe waliiita Kasha, ilifunguka na kumwingizia nywila ndefu ambazo hakuna kichwa cha binadamu kingeweza kuzikariri. Ndipo alipoandika matokeo ya vipimo. Wenzake walimwita Bi Mizani, nusu kwa heshima, nusu kwa kejeli, kwa kuwa hakuwahi kuongeza wala kupunguza neno.

Ofisini humo palikuwa na desturi ya kuazimana alama za vidole. Aliyebanwa na dharura alimwendea mwenzake, wakagusanisha vidole gumba, na alama ikahama, kama mtu anavyoazima kalamu. Jioni ilirudishwa kwa njia iyo hiyo. Fundi wa kompyuta aliikemea desturi hiyo kwa kuwa ilivunja kanuni.

"Kasha halimjui mtu," alisema. "Linajua kidole. Iko siku mtalia na kusaga meno."

Ijumaa moja Mkurugenzi alisimama mlangoni pa maabara.

"Binti yangu, niazime kidole. Nina ripoti ya kupeleka wizarani, na Kasha langu limegoma."

"Chukua, Baba. Ila kisima cha shule kifungwe leo. Maji yale hayafai kunywewa, nimekwisha andika."

"Nimeona. Jumatatu utapata kidole chako."

Wakagusanisha. Kidole cha Bi Mizani kikabaki laini kama yai lililomenywa. Kovu lake lenye umbo la mundu, aliloachiwa na kopo utotoni, likatokea kwenye kidole cha Mkurugenzi. Karani wa mapokezi, mwandani wa Bi Mizani wa miaka mingi, alikuwa akipita na birika la chai. Akacheka.

"Somo, nguo ya kuazima haisitiri matako. Sijui kidole!"

Jumatatu Mkurugenzi alikuwa safarini, na kidole kilikuwa safarini pamoja naye. Jumatano akaja mwalimu mkuu, shati limemganda mgongoni.

"Wanangu wamejaa wodini, wawili wawili kitandani," alisema. "Mlitutangazia kuwa maji ni salama."

"Hatukusema hivyo, Mwalimu," akasema Bi Mizani.

Fundi akafungua kumbukumbu kwa kidole chake mwenyewe. Mbele ya jina la kisima cha shule palisomeka: *Salama*. Chini yake ikaandikwa kwamba matokeo yamebadilishwa Jumamosi, kwa alama ya Bi Mizani.

Bi Mizani akakiinamia kioo cha kompyuta. Alilitazama neno lile kama mtu anavyomtazama nyoka kitandani mwa mtoto. Jumamosi alikuwa nyumbani, akifua.

Kamati ya nidhamu ya ofisi ilikutana siku ya pili. Mezani pamepangwa chupa za maji ya dukani. Mkurugenzi alikwisha rejea; aliketi mkono wa kuume wa Mwenyekiti, mikono yake juu ya meza.

"Nani alifungua Kasha Jumamosi?" akauliza Mwenyekiti.

"Mkurugenzi, kwa kidole changu. Kovu langu lile pale."

Wote wakainamisha vichwa na kutazama. Mkurugenzi hakuficha mkono. Alikigeuza kidogo kidole gumba kuelekea dirishani ili waone vizuri. Katibu akaandika kwamba kovu limeonekana.

"Kovu tumeliona," akasema Mwenyekiti. "Hata hivyo alama ni yako, mama. Mbwa akitoroka akamuuma mtu, huulizwa mwenye mbwa."

"Sikutorokwa. Nilimwazima. Karani wa mapokezi alikuwapo."

Wakamgeukia karani. Yeye akakitazama kidole cha Mkurugenzi, kisha akaitazama mikono yake mwenyewe.

"Mimi nilikuwa napokea simu," akasema.

Hapo ndipo Bi Mizani alipopigwa na butwaa. Kuhama kwa alama ya kidole alikuzoea.

Wakamsogezea karatasi ya kukiri kosa, na kidau cha wino. Hakubisha. Alichovya kidole gumba chake, akakikandamiza mbele ya jina lake, akainua mkono. Palibaki doa jeusi tupu, lisilo na mstari hata mmoja.

"Hii si alama ya mtu," akasema Mwenyekiti.

"Ndilo nililokuwa nikisema tangu asubuhi."

Katibu aliacha kuandika. Mwalimu mkuu, aliyeketi karibu na mlango, akainuka nusu kitini.

Ndipo Mkurugenzi aliposogea. Kwa upole, kama mtu anayemvusha kipofu barabara, alichovya kidole chake katika wino na kukikandamiza kando ya lile doa. Mistari ikatoka yote, na kovu la mundu katikati, wazi kabisa.

"Sasa ni sahihi," akasema Mwenyekiti. Katibu akaupulizia wino.

"Na kidole changu, Baba?" akauliza Bi Mizani.

"Utakipata, binti yangu. Mambo yakitulia."

Akajifunga mtandio wake. Alipopita maabara aliona kompyuta inawaka na Kasha li wazi. Kisima cha shule kilikuwa bado salama.