Kweyu Hakuulizwa

Johnson alikuwa na kompyuta moja na mdomo wa madalali kumi, lakini haya hakuwa nayo hata ya dawa.

Ofisi yake ilikuwa hapo sokoni, mtaani Jericho. Mwaka huo wa tisini na tisa, kina mama walikuja kuwaandikia watoto walio ng'ambo barua pepe, wao wakisema, karani wake Triza akipiga chapa. Bei ilikuwa kali, kwa hivyo hakuna aliyeandika kusalimia. Waliandika kukiwa na msiba tu. Kila mtoto wa Jericho aliye ughaibuni alijua barua ikitoka kwa Johnson, kuna aliyefariki.

Basi Johnson, bila kumuuliza mtu, akawatumia wote tangazo la ploti zake, viwanja alivyokuwa akiuza huko Ruai, na juu yake akaandika "Habari za Nyumbani." Ebo! Kweyu, mwanawe Kageha, hakuthubutu hata kuifungua. Alipiga simu kwenye bucha iliyo jirani na kwa mama yake, akilia, akiuliza mama atazikwa lini. Kageha akaitwa, maskini, akapokea simu ya matanga yake mwenyewe.

Na mtu huyo hakukoma! Wiki iliyofuata akamwambia Triza, "Watumie tena. Hawajajibu."

"Situmi."

"Ati nini?"

"Anwani hizi kina mama walikupa kwa ajili ya misiba, si ploti. Waulize kwanza."

"Niombe ruhusa ya kutumia kompyuta yangu mwenyewe? Tuma, ama chukua mkoba wako uende."

Triza aliogopa, tusidanganyane. Kazi hiyo ndiyo iliyomlipia chumba chake mtaani Mbotela. Lakini akawageukia kina mama wa kikundi cha mazishi, waliokuwa kwenye benchi wakingoja kuandikiwa barua za kuomba mchango.

"Mama zangu, Johnson anataka kuwatumia watoto wenu matangazo ya ploti tena. Nani amekubali?"

Kageha, aliyekuwa miongoni mwao, akasema, "Kuuliza si ujinga, Johnson. Niulize mimi."

Johnson akacheka, akatafuta wa kucheka naye, akakosa. "Haya, Mama Kweyu. Nimtumie?"

"La! Na ukimfukuza huyu msichana, tunaondoka naye."

Benchi zima likasimama. Johnson akawahesabu wateja wake waliosimama, akamvutia Triza kiti. Triza akaketi, akalifuta tangazo Johnson akiona, akauliza ni zamu ya nani.