Sahani ya Meza ya Tatu

Mwanamke yule aliingia saa nne na nusu, Jumapili, saa ambayo mgahawa wetu wa meza nane huwa hauna hata pa kutundika mwavuli. Alikuwa akiburuta begi la magurudumu lenye karatasi ya uwanja wa ndege bado imening'inia mpinini, na mfuko wa plastiki ameukumbatia kifuani. Hakuuliza kama kuna nafasi. Alipitisha macho meza moja baada ya nyingine, yakatua meza ya tatu, yakabaki hapo.

"Wale ni wanangu," aliniambia, kama anayeomba nimkubalie.

Meza ya tatu tuliijua. Kila Jumapili shangazi mmoja mwenye miwani ya fremu za dhahabu aliwaleta watoto wawili wa kaka yake kula chakula kile ambacho si cha asubuhi wala cha mchana. Mkubwa alikuwa binti wa miaka saba, aliyechora kwa kalamu za rangi kwenye karatasi tunayotandika mezani mpaka nafasi ikamwishia. Mdogo wake, wa miaka mitatu, sote tulimwita Meneja, shangazi yake naye, kwa sababu chakula kikichelewa alipiga meza kwa kijiko. Meneja alimwita shangazi yake mama. Binti alimwita shangazi, na kila alipofanya hivyo alifinywa. Ukutani juu ya jiko mpishi alikuwa amebandika kadi: *Meza ya tatu. Mtoto mdogo hali yai, linamvimbisha.*

Nilimpeleka mgeni mezani, nikamvutia kiti, nikamwekea sahani na kikombe.

"Wifi," akamwambia shangazi.

Shangazi aliteremsha kikombe chake polepole. "Makubwa! Si ulisema mwezi ujao?"

"Waajiri wameniruhusu mapema. Nimepita nyumbani, jirani akaniambia mko huku."

Binti alikuwa ameshasimama juu ya kiti. "Mama!"

"Keti. Watu wanakula." Shangazi alimgeukia mdogo. "Meneja, msalimie mgeni."

"Shikamoo, mgeni," akasema Meneja, mdomo umejaa mkate.

Mama yake aliitikia. Kisha akafungua ule mfuko wa plastiki. Akatoa viatu viwili vidogo vya bluu vyenye taa kisiginoni. Shangazi alikichukua kimoja kwa ncha za vidole viwili, akakilinganisha na mguu wa Meneja. Kilifika nusu ya unyayo.

"Wifi, hivi umemnunulia nani? Yule uliyemwacha akitambaa? Yule hayupo siku hizi."

Meza ya nne walicheka. Sikuwalaumu sana. Alivyolisema, lilichekesha.

"Miaka miwili nimelea watoto wa watu ng'ambo ili hawa wapate ada," mama akasema kwa sauti ya chini. "Sasa nimeacha kazi. Nimepanga chumba. Nimeongea na baba yao, yuko mpakani na lori lake, amekubali niwachukue leo."

"Kaka yangu akiwa mbali hukubali kila kitu. Akirudi ananiuliza mimi." Shangazi alijifuta midomo kwa kitambaa cha mezani, akatia mkono mkobani, kisha akakitandaza kitambaa kando ya sahani yake. "Ila mimi si mtu mbaya. Tusibishane mbele za watu. Mwagizie mwanao chakula, umlishe mwenyewe. Akila mkononi mwako, unaondoka nao wote wawili sasa hivi, sitatia neno. Akikataa, unashika begi lako, unamwachia mtoto amani yake."

"Unaniahidi, wifi?"

"Mgahawa mzima unanisikia." Kisha akamwambia binti: "Wewe nenda kanawe mikono. Kwa sabuni. Na usugue kucha, zimejaa rangi."

Binti alikwenda akitazama nyuma.

Mama alitabasamu kwa mara ya kwanza, tabasamu la mtu aliyepewa swali analolijua. "Yai la kuchemsha," akaniambia. "Lisiive sana. Lipondwe na siagi na chumvi kidogo. Hicho ndicho nilichomwanzishia. Alikuwa anakilamba mpaka sahani."

Kwetu kuna sheria moja: ukimaliza kuandika oda, unamsomea mteja yote kabla hujaipeleka jikoni. Kusoma tu kungetosha. Ningesoma neno yai, ningeitaja ile kadi, basi. Nikafungua mdomo.

"Dada," shangazi akaniwahi, "andika alichosema mteja. Umeajiriwa kuandika au kulea?"

Nyuma ya kaunta mwenye mgahawa alikohoa. Nilikuwa na miezi mitatu tu pale, nikisubiri nipangiwe shule ya kufundisha. Nikageuka bila kusoma.

"Yai, meza ya tatu?" mpishi akauliza. "La nani?"

"La mgeni," nikasema.

Nilikuwa nimesoma miaka minne jinsi ya kumlinda mtoto, nikasema la mgeni. Nilijiambia shangazi atalizuia kabla halijafika. Anataka tu kumwaibisha wifi yake kidogo, hakuna mtu anayemtegea mtoto mdogo. Niliamini hivyo juu ya watu, tena kwa moyo wote, na huku naamini nikalibeba bakuli hadi mezani.

Mama alipuliza kijiko. Alianza kunong'ona, sijui ni wimbo au ni upuuzi tu wa mama na mtoto. Meneja alimkodolea macho. Akaacha kupiga meza. Akasogea kidogo kidogo, akafungua mdomo, akala.

Shangazi alisubiri. Niliona akisubiri. Alingoja koo la mtoto lishuke ndipo akakipiga kijiko kikaruka mpaka chini ya meza ya nne.

"Unataka kumwua? Yai! Mtoto huyu hali yai tangu mwaka jana! Mama gani wewe hujui hata kinachomwua mwanao?"

Meneja alianza kulia, mdomo wa juu tayari unavimba, na mikono aliinyoosha kwa shangazi. "Mama! Mama!"

Mama yake alikuwa ameshasimama. "Sikujua. Hakuna aliyeniambia. Wifi, sikujua."

"Utajulia wapi? Kimbia duka la dawa, ulete dawa ya mzio! Au utasimama hapo umwangalie?"

Binti alikuwa amerudi, mikono inachuruzika maji. Mama alimshika uso. "Narudi sasa hivi. Sawa? Narudi." Akatoka mbio, mkoba mkononi, begi na viatu akaviacha.

Mlango ulipofungwa, shangazi aliinua kile kitambaa chake cha mezani. Chini yake kulikuwa na chupa ya dawa na kijiko cha kupimia. Chupa ilikuwa imeshafunguliwa. Alimnywesha Meneja kwa utulivu, akampangusa machozi, akamwambia, "Imekwisha, baba, imekwisha."

Binti aliitazama chupa ile. "Lakini amekula, shangazi. Uliahidi."

"Amekula sumu. Vaa sweta lako."

Hapo ndipo binti alipofanya kitu. Wakati shangazi amemwinamia mdogo, alikata pankeki yake katikati, nusu yenye jemu nyingi akaiweka kwenye sahani ya mama yake, akaifunika kwa kisosi. Kisha akanivuta aproni.

"Mama amesema anarudi. Usiondoe sahani yake."

"Siiondoi."

"Hata wakikwambia?"

"Hata wakiniambia."

Wakaondoka. Uvimbe wa Meneja ulikuwa umeanza kushuka, na alinipungia mkono kama Jumapili zote.

Haikupita dakika kumi mlangoni wakapanga foleni, familia ya watu watano na pacha wanaolia.

"Futa meza ya tatu," mwenye mgahawa akaniambia.

"Kuna mteja anarudi."

"Mteja gani? Yule wa vurugu? Begi lake weka nje."

"Nimemwahidi mtoto."

Alinitazama kama aliyesikia kichekesho kisichochekesha. "Binti, wewe una digrii ya ualimu, si ya kulinda mabaki. Futa meza au vua aproni. Na ukiivua, Jumatatu usinisumbue."

Nilivua. Vidole havikunitii kwenye fundo, nikachelewa, na watu wote wakaniangalia nikihangaika na mgongo wangu mwenyewe. Kisha nikaketi kwenye kiti cha binti. "Naomba chai," nikasema. "Sasa mimi ni mteja."

Mwenye mgahawa aliileta mwenyewe, akaibamiza mezani. Ile familia ya pacha ilinisonya, ikaenda zake. Chai ilipoa. Sahani sikuigusa.

Mama alirudi saa saba kasoro robo. Duka la dawa la karibu lilikuwa limefungwa, kumbe alikimbia mpaka hospitali. Gauni lilimganda mgongoni, chupa ameishika kwa mikono miwili.

"Wako wapi?"

"Wameondoka. Mtoto yuko salama. Dawa ilikuwepo, ilikuwa chini ya kitambaa cha wifi yako kabla hata mtoto hajala."

Aliitazama chupa yake. Niliona ingekuwa rahisi kuishia hapo.

"Na mimi nilijua kuhusu yai," nikasema. "Ilikuwa kazi yangu kukusomea oda. Sikukusomea."

Hakunitukana. Nilipotaka kuomba msamaha aliinua kidole kunizuia.

"Binti yako amekuachia hiyo. Ameniambia nisiiondoe."

Alifunua kisosi. Pankeki ilikuwa imekauka pembeni, jemu imeganda, na kwenye ukingo kulikuwa na alama ndogo ya meno, pengo moja katikati. Alipitisha kidole juu ya alama ile. Kisha akaketi, akala yote, taratibu, bila kuinua macho, mpaka akaokota chembe kwa ncha ya kidole.

Alivitia viatu vya bluu mfukoni, akashika begi, akaenda. Hakuniaga.

Nikaiondoa sahani.