Kikombe cha Bati Juu ya Reli

Nyinyi mnaokuja kuuza mboga kwa reli hapa Silanga, sikieni haya kabla hamjatandika.

Zamani sote tulitandika magunia katikati ya reli, kwa sababu kokoto hazishiki matope. Mtu anaweka kikombe cha bati juu ya chuma. Kikianza kutetemeka, treni ya mizigo bado iko mbali. Unamhudumia mteja, unakunja gunia, unasogea, hata porojo haikatiki.

Halafu ikaja treni ya wafanyakazi. Safari yake ni fupi tu, mjini na huku kwetu, lakini mbio zake, wacha! Binti yangu Aoko alikuwa mjamzito, karibu kujifungua. Nikamwambia, "Aoko, keti kando."

"Kando ni matope, mama. Na kikombe si kipo?"

Jirani yetu Syokau akacheka. "Mama Aoko, wewe hata mkokoteni unakutisha!"

Asubuhi iliyofuata nikamwambia Aoko, "Leo tandika kando, kikombe kikae palepale. Kikilia, kunja gunia. Ukimaliza kabla treni haijafika, rudi katikati, na mimi sitasema tena."

"Usilie nikikushinda."

Kikombe kikalia. Aoko akashika kiuno, akapiga magoti, akakamata pembe moja ya gunia. Ya pili. Mkono ukienda kutafuta ya tatu, treni ikapita vuuu! Upepo ukamvua kitambaa kichwani. Syokau, aliyekuwa ametandika katikati kama kawaida, aliruka, akaanguka huku kwetu mzima, lakini kabichi zake hatukuokota hata jani.

Aoko akabaki vilevile kwa magoti, pembe mbili mkononi, nyanya zote bado juu ya gunia. Akazitazama.

"Mama," akasema, "ningekuwa wapi sasa?"

Nilimshika tu.

Sasa tunauza kando, juu ya mbao tulizolaza kwenye matope. Wateja walitufuata, nyanya nzuri haikosi mtu. Mjukuu wangu Filister analala nyuma yetu kwenye karai, ameshiba, na Syokau anamharibia usingizi kwa makelele yake.

Jana mama mmoja mgeni alitandika katikati ya reli. Kabla sijafungua mdomo, Aoko alikuwa ameshafika, ameshika gunia la yule mgeni.

"Dada, njoo huku. Sogea, Syokau, mbao inatutosha."