Barua Yenye Mbwa Ndani

Karani wa masjala ya Wizara hakuwa na meno mawili ya mbele, hakuwa na usikivu katika sikio la kushoto, hakuwa na kucha ya kidole gumba, hakuwa na shahada, na tangu siku ya uchaguzi hakuwa na mdogo wake. Shahada hakuwahi kuwa nayo. Meno, sikio na kucha alivipoteza kazini, kwa kufungua barua.

Kazi yake ilikuwa kupokea barua za viongozi wa ng'ambo. Barua za pongezi zilifunguka kama barua nyingine yoyote. Barua za lawama zilikuja na yale ambayo kiongozi mwenyewe huwafanyia watu wake, nayo yalimtokea mfunguaji kabla hajasoma mstari wa kwanza. Meno yaling'olewa na rungu la rais aliyetoa ushauri kuhusu uhuru wa magazeti. Sikio liliharibiwa na waziri mkuu mmoja mpole, mwenye mwandiko mzuri, aliyekuwa akiulizia hali ya wafungwa. Wizara ilimnunulia karani helmeti ya pikipiki na kumpangia ndoo ya kukingia damu. Wenzake walimwita Kibogoyo, naye aliitika bila kinyongo, kwa kuwa hakuna aliyefungua barua vizuri kumzidi.

Kanuni ilitaka bahasha imfikie Waziri bila alama yoyote ya mkono. Kwa hiyo kila mara, kabla ya kufungua, Kibogoyo alichukua raba na kufuta maandishi hafifu ya penseli yaliyokuwa pembeni mwa bahasha. Aliyadhani ni ya watu wa posta. Alikuwa ameyafuta kwa miaka kumi na mmoja, na alijivunia usafi wa bahasha zake.

Jumatatu ya pili baada ya uchaguzi, saa tatu asubuhi, tarishi aliingia akiwa ameishika bahasha mbali na mwili wake.

"Shikamoo, Kibogoyo. Hii inanguruma."

"Marahaba. Iweke hapo, ukae nyuma ya kabati."

Ilitoka kwa Rais wa ng'ambo, yule mwenye sauti nzito redioni. Kibogoyo alifuta penseli, akavaa helmeti, akamwomba mpiga chapa ainue miguu. Alipokata ukingo, alitoka mbwa wa polisi, mkubwa, amefungwa mkanda mpya wa ngozi. Alimshika karani mkono chini ya kiwiko, akautikisa kama anayekung'uta nguo. Nyuma yake zilikuja buti nne, kisha kitako cha bunduki, kisha moshi wa kutoa machozi. Mbavu mbili zilivunjika. Mpiga chapa alifungua dirisha, akaendelea na ukurasa wake. Yote yalichukua dakika nne. Mbwa alififia akiwa bado ameuma, yakabaki matundu tu.

Kibogoyo alivua helmeti, akauning'iniza mkono juu ya ndoo, akasoma.

Barua ilikuwa na kurasa tatu. Rais wa ng'ambo alisema amehuzunishwa. Alisema askari waliwapiga risasi watu waliokuwa wamepanga mstari wa kupiga kura katika uwanja wa shule ya msingi, na kwamba maboksi ya kura yalibebwa kwenye lori lilelile lililobeba miili. Ukurasa wa tatu ulikuwa na majina arobaini na moja. La kumi na saba lilikuwa la fundi redio, mdogo wake Kibogoyo, jina lake, la baba na la babu, bila kosa hata moja.

Serikali ilikuwa imetangaza kwamba uchaguzi ulikuwa shwari na hakuna aliyekufa. Kwa sababu hiyo, katika chumba cha maiti cha hospitali kuu walilala watu arobaini na mmoja ambao hawajafa. Mlinzi wa chumba hicho alikuwa mtu mwema. Alikuwa amemwonyesha Kibogoyo mdogo wake, na matundu mawili, moja shingoni na jingine chini ya jicho, kisha akamfunika tena.

"Kaka, kiserikali huyu ni mzima," alisema. "Nikikupa, nitaulizwa nimemtoa mtu mzima kwenye barafu nimempeleka wapi. Niletee karatasi yoyote yenye muhuri wa ofisi inayosema amekufa. Hata kama imeandikwa na shetani, nitakupa."

Nyumbani mama yao alikuwa amefua shuka na kuipiga pasi. Kila jioni, Kibogoyo akigusa mlango tu, aliuliza, "Umekuja naye?" Naye alijibu, "Bado, mama." Mama alikunja shuka upya.

Sasa karatasi ilikuwa mkononi. Ilihitaji muhuri mmoja wa IMEPOKELEWA na herufi mbili za Waziri chini yake. Kibogoyo alifunga mkono kwa kitambaa, akapanda ngazi polepole kwa ajili ya mbavu.

Waziri alipomwona alifurahi. Alimzungusha ili amwone upande wa mgongo, akahesabu matundu ya mkono, akaita mpiga picha.

"Tazama walivyokufanya," alisema. "Huyu ndiye anatufundisha sisi demokrasia? Hii hatuipokei. Irudishwe yote, na picha yako juu."

Kibogoyo alieleza habari ya ukurasa wa tatu. Alieleza habari ya chumba cha maiti, na ya mama na shuka. Hakuomba barua yote ipokelewe. Aliomba ukurasa mmoja, na katika ukurasa huo, mstari mmoja.

"Kibogoyo, unamtetea mtu aliyekuvunja mbavu?"

"Simtetei, Mheshimiwa. Ni mpigaji. Lakini amehesabu sawasawa."

"Mpigaji hahesabu."

"Mheshimiwa, mimi nimemwona mdogo wangu. Wa kumi na saba ni yeye."

Waziri hakukasirika. Alimweleza, kama mtu anavyomweleza shemeji yake, kwamba jambo likisemwa na mdomo mchafu linakuwa halijasemwa, na kwamba siku akitokea kiongozi wa ng'ambo asiye na mbwa wala buti, barua yake itapokelewa siku hiyohiyo. Kibogoyo alikumbuka bahasha zote alizofungua na hakuona hiyo siku ingetoka wapi. Aliuliza wale arobaini na mmoja awaandike sehemu gani ya majibu.

"Hawamo," alisema Waziri, akafungia muhuri kwenye droo.

Picha ilipigwa dirishani, penye mwanga mzuri. Alitakiwa kufungua mdomo ili mapengo yaonekane, ingawa hayo hayakuwa ya Rais huyu.

Majibu aliyaandika mwenyewe, kwa sababu Wizara nzima ilijua kwamba sarufi yake, aliyojifunza kwa miaka sita katika masomo ya jioni, haikuwa na mfano. Aliandika kwamba Rais wa ng'ambo anawang'atisha watu wake mbwa mbele ya magereza. Aliandika kwamba mtu wa namna hiyo hana haki ya kukagua uchaguzi wa wengine. Sentensi ya kwanza ilikuwa kweli. Kila alipofika mwisho wa aya, karatasi ilikuwa nzito zaidi, na alipoikunja ilikuwa ya moto. Ndani ya mkunjo alisikia uwanja wa shule: miguu ikisogea mchangani, mtoto akilia, sauti ya mdogo wake ikimwambia mtu wa mbele, "Sogea kidogo, mzee, tumalize." Kisha milio. Aliisikiliza yote kwa sikio la kulia. Risasi mbili ziligonga karatasi kutoka ndani, zikabaki humo.

Alipotaka kuirudisha barua ya Rais katika bahasha yake, mwanga wa dirisha ulipita pembeni, mahali alipofuta. Penseli ilikuwa imetoka lakini mikwaruzo ilibaki. Alilaza ncha ya penseli yake na kupaka juu kidogo kidogo, maneno yakajitokeza, katika lugha ya ng'ambo ambayo aliijua vizuri.

*Ina mbwa. Linda mikono. Niwie radhi, mwenzangu. Ya kwenu ya mwaka jana ilinitoa jicho.*

Kibogoyo aliweka penseli chini. Mpiga chapa alimuuliza kama mbavu zinamuuma, akasema zinauma. Aliichukua raba, akaitia kwenye ndoo.

Aliiweka barua ya Rais, kurasa zote tatu, ndani ya bahasha kubwa, na majibu juu yake, na picha juu ya majibu. Kati ya kurasa hizo, ule wa tatu ndio alioutia mwisho. Kisha, pembeni mwa bahasha, kwa penseli, aliandika kwa mwandiko wake bora:

*Ina risasi. Fungua ukiwa umelala chini. Wa kumi na saba ni mdogo wangu.*

Aliyeyusha lakiri, akaimwaga juu ya ukingo, akaikandamiza kwa chapa ya Wizara mpaka ikapoa. Bahasha ilikuwa ikitikisika. Tarishi aliibeba kwa mikono miwili hadi kwenye gari la posta, na gari likaondoka.