Sufuria ya Vuguvugu

Kabla hajafunua kifuniko, pua ya Mama Vioo ilikuwa imeshamwambia yote. Ilikuwa harufu tamu, tamu ya kuudhi, kama ya maua yaliyosahauliwa kwenye maji ya juzi. Akafunua. Nyama ililala kwenye mchuzi wa rangi ya maji ya kuoshea vyombo, na juu yake povu jembamba la kijivu likawa linapasuka polepole, kana kwamba kuna kitu chini kinapumua. Huko hakukuwa kuchemka. Mchuzi unaochemka una kelele, una haraka zake. Huu ulikuwa unachacha tu, kwa raha zake.

"Kaka," aliita, "njoo unuse."

Kaka yake alikuwa mlangoni akifuta vumbi kwenye kibao alichokiandika mwenyewe: MGAHAWA WA JUA, HAPA HATUWASHI MOTO. Kwa sababu ya kibao hicho alijiita Meneja. Kazi nyingine ya umeneja haikuwahi kuonekana.

Mgahawa ulikuwa wa Mama Vioo. Aliuanza na sanduku la mbao lenye kioo juu, la kuokea mikate, kisha akaongeza sahani kubwa ya vioo, pana kama mwavuli uliopinduliwa na upepo, iliyokusanya jua lote la uani na kulimimina kwenye sufuria nyeusi. Siku ya jua kali, nyama iliiva kabla wateja hawajaanza kununa. Siku ya mawingu alikuwa na sheria moja, ambayo hakuivunja hata kwa kupigiwa magoti: sufuria isiyochemka kufikia katikati ya asubuhi inahamia kwenye jiko la mkaa. Maana jua la kinyonge halipiki, linaatamia. Linaifanyia nyama kile kuku anachoyafanyia mayai, ila kinachoanguliwa humo hakina mbawa.

Leo mawingu yalitanda tangu alfajiri. Alipokwenda stoo kuchukua jiko la mkaa, akakuta kufuli jipya.

"Wageni wa shirika wanakuja," Meneja alimwambia, huku akiupapasa ufunguo mfukoni. "Wanatafuta migahawa ya jua ya kuipa majiko makubwa ya kuokea. Wakiona mkaa hapa, dada, tumeumbuka."

"Na nyama?"

"Jua litatoka."

"Umeongea nalo?"

"Acha utani wako bwana!"

Jiko lile kubwa Mama Vioo alilitamani mno. Sanduku lake lilioka mikate ya kuhesabika, huku maduka ya mtaa mzima yakimlilia. Kwa hiyo aliuacha mkaa, akakaa kusubiri jua. Sasa alikuwa ameshika kifuniko mkononi na hakujua amchukie nani kwanza, kaka yake au yeye mwenyewe.

Meneja hatimaye alikuja, akainama, akanusa. Shingo yake ilirudi nyuma kama ya mtu aliyepigwa kofi.

"Tia viungo," akasema.

Hakungoja jibu. Alimwaga pilipili manga, karafuu na ndimu nzima nzima, akakoroga kwa bidii ambayo haikuwahi kuonekana mikononi mwake.

"Sasa inanukia kama maiti aliyepakwa marashi," alisema Mama Vioo.

"Wao wanapiga picha tu. Picha hainuki."

Wageni wakafika: bibi mmoja aliyevaa miwani ya jua siku isiyo na jua, na mpiga picha wake. Bibi wa Miwani alisifia vioo, akasifia kibao, akasifia hata sakafu. Akaomba ashikishwe mkate. Mkate wenyewe ulikuwa umelegea, mweupe na wenye mikunjo kama nyayo za mtu aliyeshinda majini. Akaubeba kama mtoto wa kubatizwa, akatabasamu. Kisha akachukua kijiko, akachota mchuzi, akakipeleka hadi karibu na midomo. Pua zake zikatanuka. Kamera ikalia. Kijiko kikarudi bakulini kikiwa kimejaa vilevile, naye akajifuta mdomo ambao haukuguswa na kitu.

"Mtamu sana," akasema.

"Hujaonja," alisema Mama Vioo.

"Nimekula njiani, mpenzi. Sasa tupate picha ya wateja wakila, halafu sisi tumemaliza. Jiko ni kama mmeshalipata."

Meneja aliruka hadi barabarani. "Jamani gereji! Leo bure! Meneja analipa!"

Hapakuwa na haja ya kurudia. Mafundi watano walivuka barabara kutoka gereji ya ng'ambo, wakanawa mikono hadi kwenye viwiko, wakakaa kwenye benchi lao. Mbele yao alikuwa mzee waliyemwita Spana, aliyekula hapo tangu mgahawa ulipokuwa sanduku moja na kiti kimoja.

Mama Vioo alimvuta kaka yake nyuma ya sahani ya vioo.

"Unataka niwape ile?"

"Wape kidogo tu. Hao wana matumbo ya chuma. Wanashinda wakinusa petroli, watajuaje?"

Alimtazama. Kwenye sharubu zake kulikuwa na chembe za biskuti.

"Wewe umekula nini leo?"

"Biskuti. Tumbo langu unalijua, halitaki mchezo."

 Povu Mama Vioo alilivumilia, harufu aliivumilia. Lakini zile chembe zilizokuwa zikicheza juu ya mdomo uliokuwa ukiendelea kumshawishi zilimpandisha nyongo hadi kwenye ulimi. Alilazimika kutema mate pembeni.

Aliporudi, mpiga picha alikuwa ameshawapakulia. Spana alikuwa na kipande cha nyama mkononi.

"Mzee, jicho kwangu," alisema mpiga picha. "Furahi."

"Mama, leo umepika soksi?" Spana aliuliza. Wenzake wakaangua kicheko. "Haya, kwa mkono wako mimi nakula hata misumari."

Akapanua kinywa.

"Usile!"

Ilimtoka kwa sauti ambayo hata yeye hakuijua. Akampokonya bakuli, akayakusanya na mengine, akainua sufuria nzima na kuibeba mbele ya kamera hadi kwenye shimo la taka. Nyama iliteleza na kuanguka kwa mlio wa kitu kilicholowa. Mpiga picha alifunika pua kwa kola ya shati.

"Imeoza," alisema Mama Vioo. "Tangu asubuhi haijachemka, na mimi nilijua. Niwieni radhi, baba zangu."

"Zima hiyo," alisema Bibi wa Miwani.

"Siku kama hii mimi hutumia mkaa, bibi. Hicho kibao ni uongo. Kaka, lete ufunguo."

"Dada, jiko letu!"

"Ufunguo!"

Spana alinyanyuka polepole. "Meneja, mpe. Au niling'oe hilo kufuli? Nyundo iko ng'ambo hapo tu."

Ufunguo ukatoka. Mkaa ukawashwa, moshi ukajaa uani, na Bibi wa Miwani akaondoka akikohoa bila kuaga. Kuhusu jiko lile kubwa, hakuna aliyethubutu kuuliza. Mafundi walisubiri wakitaniana, mpaka mayai yakaanza kulia kwenye kikaango.

Meneja naye akaja na sahani yake, akasimama mwisho wa foleni.

"Na mimi, dada. Biskuti si chakula."

Alimpakulia mayai mawili, kama wengine, maana ni kaka yake wa tumbo moja. Kisha akamgeuzia mgongo, akapepea mkaa kwa ajili ya wateja wengine, kwa sababu hakuweza kumtazama akitafuna.