Sura ya Nne ya Baba Mkwe

Wanafunzi walimbatiza jina la Nukta, kwa sababu kila programu iliyogoma kwenda, yeye aliwaambia kwanza watafute nukta waliyoisahau. Mbele za watu alijifanya kulichukia jina hilo, lakini moyoni lilimkaa vizuri. Alifundisha somo la lugha za programu chuoni, na wiki hiyo hakuwa na raha: mkuu wa idara alitaka, ifikapo Ijumaa, ataje kitabu kimoja cha kiada kitakachoagizwa kwa darasa zima.

Kuchagua kitabu si kazi ya kumkondesha mtu. Kilichomkondesha Nukta ni kwamba kitabu kilichokuwa kikitumika, kile kinene chenye jalada la kijani, kiliandikwa na baba mkwe wake. Mzee alifundisha somo hilohilo katika chumba hichohicho, na alipostaafu akamwachia Nukta darasa, kabati na kiti kinacholia. Binti alikuwa amekwisha kumpa zamani.

Kila walipokwenda kumsalimia, hata chai haijamiminwa, mzee aliuliza kama vijana wamefika sura ya nne. Aliionea fahari sura hiyo kuliko zote. Ilieleza jambo moja tu: jina moja likitumika mahali pengi ndani ya programu, kompyuta hujuaje lipi linakusudiwa. Ililieleza kwa kuzunguka mno, hata mwanafunzi akifika kwenye mfano wa kwanza anakuwa amesahau alichokuwa akitafuta. Nukta aliiruka miaka yote, akafundisha kwa maelezo yake mwenyewe, na kwa mzee akajibu kwamba wamefika, baba, na wameipenda sana.

Sasa kilikuwapo kitabu kingine, chembamba, kinachoanza na mfano ndipo kieleze. Nukta alikitaka kama mtu anavyotaka viatu vinavyomtosha. Lakini kwenda kumwambia mzee kwamba kitabu chake kinatupwa, hapo ulimi ulikuwa mzito.

Ndipo akapata wazo lililomfanya ajione mjanja. Idarani walizoea kusahihisha mitihani bila kuona majina ya watahiniwa, asipendelewe mtu. Kwa nini vitabu navyo visisahihishwe hivyo? Akatoa nakala za kurasa za mwanzo za mada ile ya sura ya nne kutoka katika kila kitabu, akaficha majina na vichwa vya sura, akampelekea baba mkwe amshauri. Mzee hakuwa amekifungua kitabu chake miaka mingi; huenda asikitambue, akakikataa kwa kinywa chake mwenyewe. Mkewe alimwambia waziwazi kwamba huo ni utoto, kisha akaenda naye.

Mzee alivaa miwani, akaanza na kile chembamba. Aliguna mara kadhaa, akasema huyu ana haraka, lakini anajua anakokwenda. Kisha akashika karatasi za pili. Nukta akaitazama dari kama fundi aliyeitwa kuikagua.

"Huyu anapenda sauti yake," mzee akasema baada ya kitambo. "Anapiga hodi ukurasa mzima kabla hajaingia ndani. Wanafunzi watakuwa wamelala. Na lile swali la saba mwishoni mwa sura, mwenyewe hana jibu lake. Chukua hicho kingine, mwanangu."

Nukta alibana midomo asicheke. Alishukuru, akaaga, akatoka kifua mbele hadi getini, ambako mkewe alikuwa akimwagilia maua ya baba yake. Akamsimulia yote, tena kwa kuigiza. Mkewe akaweka ndoo chini, akaomba zile karatasi, akazipekua hadi ya mwisho.

"Swali la saba liko wapi?"

Nukta akazipokea, akazipekua na yeye. Alikuwa ametoa nakala za kurasa za mwanzo tu. Maswali yalibaki kitabuni, na kitabu kilibaki ofisini.

Alirudi ndani bila kile kifua. Mzee alikuwa amekaa palepale, miwani mkononi.

"Baba, ulijua."

"Toka mstari wa kwanza. Nani mwingine anaandika hivyo?" Mzee alitabasamu, ingawa ilimuuma, na hakuficha kwamba imemuuma. "Umefunika jina, maneno hukuyafunika. Nimeona unavyohangaika, nikasema bora nikikatae mwenyewe. Nimechoka kudanganywa kila ukija kwamba vijana wamefika sura ya nne."

Nukta aliona haya hadi masikioni, na hakuwahi kumpenda mzee yule kama alivyompenda wakati huo.

"Ukishaagiza hicho chembamba, niletee na mimi kimoja," mzee akasema, akivaa tena miwani yake. "Nataka kuona kama yeye analo jibu la swali langu la saba."