Mwanafunzi Asiyeanguka

Kwa Mwalimu, mtu hajui pikipiki mpaka imwangushe. Hilo ndilo lililokuwa sharti la shule yake ya udereva, na hakuwa na haja ya kulibandika ukutani, kwa sababu kila mwanafunzi alilisikia siku ya kwanza kabla hata hajaonyeshwa breki ilipo. Unaweza kuzunguka namba nane kati ya matairi makuukuu mpaka kizunguzungu kikushike, ukajua klachi na gia na kutazama vioo, bado Mwalimu hakutilii sahihi uende kwenye mtihani wa leseni hadi ule mweleka ndani ya uwanja wake na mbele ya macho yake. Alisema asiyewahi kuanguka huendesha kwa majivuno, na barabara kuu haina subira na watu wa namna hiyo. Wanafunzi walinung'unika, wakaanguka, wakajifuta vumbi, wakapewa sahihi.

Tabu ilianza mkewe alipojiandikisha.

Mama Pacha alikuwa fundi wa mapazia. Alikwenda nyumba za watu kupima madirisha, kisha akarudi kushona kwa cherehani yake ya umeme, na mguu uliokwisha kuzoea kukanyaga taratibu siku nzima haukuona ajabu yoyote kwenye pikipiki. Klachi hakuipigia kelele, wala haikumpigia. Kwenye namba nane alipita kama mtu anayetembea sebuleni kwake. Mwalimu alipomwaga maji kwenye kona ili udongo uteleze, alipita. Alipotandaza kokoto, alipita pia, tena akauliza kama kuna kingine. Mwalimu alimpongeza kwa uso wa mtu anayeumwa jino.

Yote hayo yalikuwa kwa ajili ya safari, na safari yenyewe ilikuwa ya zamani. Tangu pacha wao wakiwa wachanga, wawili hawa walikuwa wakisema kwamba siku moja wataishika ile barabara ya pwani inayoambaa na bahari mpaka mpakani, inayopita juu ya majabali, kando ya mashamba ya chumvi na kwenye madaraja marefu, na hawatarudi mpaka wachoke kuona maji. Kila mwaka likazuka la kuzuka. Mara surua, mara paa linavuja, mara karo. Sasa pacha wote wawili walikuwa chuoni, nyumba imekuwa kubwa ghafla, na ikaamuliwa kwamba mvua zikikatika wataondoka. Ramani ilitundikwa ukutani karibu na meza ya chakula, ikachomwa pini za kushonea. Pini za Mwalimu zilionyesha vituo vya mafuta. Za Mama Pacha zilionyesha mahali pa kukaa tu na kutazama, nazo zilikuwa nyingi kuliko vituo vya mafuta.

Walikubaliana kuhusu nyumba za wageni na makoti ya mvua. Walikubaliana hata kuhusu sufuria, ingawa Mwalimu aliiona ni mzigo wa bure. Kilichowashinda ni kimoja. Mwalimu alipanga pikipiki moja, Mama Pacha alipanga mbili.

"Mimi nimekaa nyuma ya mgongo wako miaka yote," alisema Mama Pacha jioni moja, akichoma pini kwenye ghuba fulani. "Naujua huo mgongo. Nikiutazama mpaka mpakani, nitarudi nimeona nini?"

"Utaona bahari pembeni."

"Na nikitaka kuona mbele?"

"Mbele kuna barabara tu, mke wangu. Bahari iko upande mmoja."

"Basi hiyo barabara ndiyo ninayoitaka."

Mwalimu alimega mkate, akatafuna bila haraka. "Anguka, nitie sahihi. Sijakukatalia."

"Nianguke makusudi?"

"Ya makusudi haihesabiki."

Mama Pacha akarudisha pini zake kwenye kopo, akaenda kuosha vyombo. Hakuwa mtu wa kugomba. Akikasirika alikuwa akiosha vyombo vilivyo safi, na jioni ile aliosha hata vile vya kabatini.

Mdogo wake, fundi wa pikipiki mwenye gereji nyuma ya soko, ndiye aliyegomba kwa niaba yake. Alikuwa amemfufulia dada yake pikipiki ndogo iliyotupwa na watu, akaibadilishia cheni na plagi, akaipaka rangi, na sasa ilikuwa imesimama gerejini chini ya shuka ikimngoja mwenyewe. Kila alipopita uwanjani alimtania Mwalimu, kama mashemeji wanavyotaniana.

"Shemeji, unambania dada yangu."

"Sharti ni sharti. Hata wewe ulianguka."

"Mimi nilianguka kwa sababu sijui kuendesha. Huyu anajua, unamngojea nini? Bahati yetu hukufungua shule ya kuogelea."

Mwalimu alicheka kwa sababu utani ulikuwa mzuri, halafu akaenda kupanga matairi ambayo tayari yalikuwa yamepangwa.

Alijua vizuri anachokifanya. Nyumbani yeye na mkewe hawakuwa watu wa maneno. Mama Pacha alishinda kwenye cherehani na pini mdomoni, naye alirudi sauti imemkauka kwa kuwafokea wanafunzi, akakaa mbele ya taarifa ya habari mpaka usingizi umchukue. Lakini alipompakia kumpeleka kupima madirisha, mambo yalikuwa mengine. Mama Pacha alisogea karibu, kofia zao zikigongana, akamsimulia sikioni nyumba za watu zilivyo ndani. Kulikuwa na meneja mmoja anayelala chumba cha wageni ndani ya nyumba yake mwenyewe. Kulikuwa na bibi mmoja aliyeagiza mapazia mapya kila mwaka ili apate mtu wa kunywa naye chai. Mwalimu alikwenda polepole kwa makusudi, akazunguka njia ndefu. Juu ya pikipiki ndiko alikoambiwa kwamba mimba ni ya pacha. Ndiko alikoambiwa pia kwamba mama mkwe hatapona. Kila jambo kubwa la ndoa yake aliingiziwa kwa sikio la kushoto, macho yake yakiwa barabarani.

Kwake yeye, pikipiki mbili zilikuwa kimya cha kutoka nyumbani mpaka mpakani. Alikiogopa kimya hicho kuliko kona za majabalini. Na kwa kuwa hilo si neno ambalo mwanamume mwenye shule ya udereva angeweza kulitamka mezani, aliendelea kumngoja mkewe aanguke.

Mvua zikaanza kupungua. Siku moja ya mapumziko, uwanja ukiwa hauna wanafunzi, Mama Pacha alikuja na kofia yake mkononi, mdogo wake akimfuata nyuma. Alisema leo anataka mtihani wa abiria, ambao ndio wa mwisho. Kwenye shule ile abiria alikuwa gunia la mchanga lililofungwa kwenye siti ya nyuma. Mwalimu alilisifu sana gunia hilo. Aliwaambia wanafunzi kwamba ndilo abiria bora duniani, kwa kuwa linakaa lilipowekwa, linalala unapolala kwenye kona, na halikufundishi kazi.

Alipoinama kulibeba, Mama Pacha alimzuia.

"Hilo nimeshalizungusha wiki nzima. Panda wewe."

"Mimi ndiye ninayesahihisha."

"Sahihisha ukiwa umekaa."

Shemeji alikuwa amekwisha kukaa juu ya tairi, anamenya chungwa. "Au unamwogopa mwanafunzi wako?" aliuliza kwa upole.

Mwalimu akapanda. Alijaribu kukumbuka mara ya mwisho aliyopakiwa na mtu, asiipate. Siti ya nyuma ilikuwa juu kuliko alivyodhani, na mikono haikuwa na kazi. Aliiweka mabegani mwa mkewe.

"Shika kiuno," alisema Mama Pacha. "Mimi si toroli."

Akashika kiuno. Pikipiki ikaondoka bila mshtuko, kama ilivyotakiwa. Mwalimu akagundua kwamba hakuona kitu ila kofia. Mguu wake wa kulia ulitafuta breki ukakuta hewa. Kona ya kwanza walipita salama, ingawa alikuwa ameng'ang'ana mpaka mke akamwambia alegeze kidogo, anapumua kwa shida. Kwenye kona ya pili Mama Pacha aliilaza pikipiki kushoto, vizuri kabisa, pembe ileile ambayo Mwalimu mwenyewe angeilaza. Naye Mwalimu, aliyewafokea mamia ya watu wasifanye hivyo, akajivuta kulia kwa mwili wake wote.

Pikipiki ikayumba. Tairi la mbele likakosa pa kwenda, na wote watatu, mke, mume na chombo, wakalala chini taratibu kama watu waliochoka. Haikuwa ajali ya kusimuliwa. Kioo kimoja kilipasuka, na Mwalimu akachubuka kiwiko. Shemeji alikuja mbio, akazima injini, akainua pikipiki, kisha akawainua wao kwa zamu.

"Haya," alisema, mdomo bado una chungwa. "Sharti limetimia. Dada kala mweleka, shahidi mimi."

Mama Pacha alikuwa akijipangusa vumbi kwenye sketi na kumtazama mumewe.

Ilikuwa rahisi kwa Mwalimu kukubali. Angesema ndiyo, ameanguka, akatia sahihi, na kila mtu angekwenda kula. Uongo huo ungempa mkewe alichokitaka, na sharti lake lingebaki na heshima. Lakini alikuwa na ubishi wa kazi, na macho ya kazi, na hakuweza kusema ameona asichokiona.

"Hukuanguka," alisema. "Nimekuangusha."

"Najua."

"Ulikata kona sawasawa."

"Hilo pia nalijua. Uliogopa?"

"Hapana. Unaendesha vizuri kuliko wengi." Alikitazama kiwiko chake kana kwamba jibu limeandikwa pale. "Nilikuwa nakushikilia, nadhani. Ukishakuwa na pikipiki yako, nitakusikia wapi?"

"Kunisikia nini?"

"Haya unayonisimulia tukienda. Za watu na madirisha yao. Nyumbani hunisimulii."

Shemeji aligundua ghafla kwamba cheni inahitaji kuangaliwa, akaisukuma pikipiki hadi upande wa pili wa uwanja.

"Nyumbani huniulizi," alisema Mama Pacha.

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayemtajia mwenzake urefu wa dirisha. Mwalimu alitafuta siku moja, jioni moja tu, ambayo alizima taarifa ya habari akamuuliza mkewe ametoka wapi, asiione. Alijisikia aibu, na ilimuuma zaidi ya kiwiko.

"Nitatia sahihi," alisema mwishowe.

"Na sharti?"

"Sharti utakuwa umelivunja wewe. Wa kwanza na wa mwisho, usiwaambie wengine."

Mama Pacha akaivua kofia, akazipanga nywele kwa vidole. "Njiani nikiwa na la kukwambia, nitawasha taa ya pembeni na kusimama. Na wewe utasimama."

"Kila mara?"

"Kila mara."

Mwalimu aliiwaza ile ramani na pini zake zote. Kwa jinsi alivyomfahamu mkewe, hawangefika daraja la kwanza kabla ya jua kuzama, na vituo vyake vya mafuta vilikuwa vimepangwa bure. Hakusema hivyo. Alisimama pale na kiwiko chake, hajui aweke wapi mikono, mpaka likamjia neno la kusema.

"Jana," aliuliza, "ulikwenda kupima kwa nani?"

Mama Pacha alimtazama kuona kama anatania. Alipoona hatanii, alivuta tairi, akakaa, akampisha nafasi kando yake, akaanza kumsimulia.